Herman Hollerith: Mzee wa matundu anayekuhesabu hadi Ifo

Hebu nikuulize. Ulizaliwa tarehe ngapi? Usinipe ile ya keki. Nataka ile iliyoandikwa kwenye kadi.

Kama ulikulia Ifo, au una binamu aliyekulia huko, kuna uwezekano mkubwa kadi inasema Januari 1. Mama alifika bila karatasi yoyote. Akaulizwa mtoto alizaliwa lini, akajibu kwamba ilikuwa msimu wa mvua za Gu, mwaka ambao ngamia walikufa. Karani hakuwa na nafasi ya kuandika ngamia. Akakisia mwaka, akaweka Januari 1, foleni ikasonga. Ndiyo maana kuna mitaa kule ambayo nusu ya watu husherehekea siku moja, na hawajui kama ni yao.

Leo nakuletea mzee mmoja aliyekuwa na shida ya kinyume. Yeye alizaliwa Februari 29, 1860, siku inayokuja mara moja kila miaka minne. Na kwa sababu mwaka 1900 haukuwa mwaka mrefu, alikaa kutoka 1896 hadi 1904 bila siku yake kufika. Ukitaka kuvunja programu ya kompyuta iliyoandikwa ovyo, mpe tarehe ya kuzaliwa ya huyu jamaa.

Anaitwa Herman Hollerith. Amekufa zamani, mwaka 1929, na Ifo hakuwahi kuisikia. Lakini kila unapoweka kidole kwenye mashine na taa ikawaka, kuna kazi yake ndani. Twende pole pole.

Kijana na dirisha

Hollerith alizaliwa mjini Buffalo, jimbo la New York, kwa wazazi waliohamia Marekani kutoka Ujerumani. Kwa maneno mengine, mtoto wa wageni. Baba alikufa Herman akiwa bado mdogo na mama akabeba familia.

Shuleni alikuwa mkali wa hesabu lakini tahajia ilimshinda kabisa. Inasimuliwa kwamba kipindi cha tahajia kikifika alikuwa akitafuta njia ya kutoroka, na kwamba siku moja aliruka dirishani. Mwishowe akatolewa shuleni, akafundishwa nyumbani.

Mimi niliyeacha chuo mwaka wa pili nilipenda sana sehemu hii. Nilijiona ndani yake. Halafu nikasoma ukurasa uliofuata: jamaa alimaliza Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1879 akiwa na miaka 19, uhandisi wa migodi. Sawa basi. Tuendelee.

Profesa wake mmoja alikuwa akifanya kazi na ofisi ya sensa ya Marekani, akamchukua kijana. Hapo ndipo Hollerith alipokutana na tatizo la maisha yake.

Sensa ya 1880 ilihesabu watu zaidi ya milioni 50. Kuwahesabu mlangoni haikuwa kazi kubwa. Kazi ilikuwa kupanga majibu: wanaume wangapi, waliozaliwa nje wangapi, wajane wangapi, wakulima wangapi. Makarani walisoma karatasi moja moja na kuchora vistari kwa mkono. Kazi hiyo ilichukua zaidi ya miaka saba. Maana yake ni kwamba majibu ya mwisho yalitoka wakati sensa nyingine inabisha hodi. Watu wakizidi kuongezeka, ingefika siku sensa mpya inaanza kabla ya ile ya zamani kuisha.

Mkubwa mmoja wa takwimu pale, Dkt John Shaw Billings, ndiye aliyemchokoza. Hollerith mwenyewe alieleza baadaye kwamba wazo lilitoka mezani kwa Billings, wakila chakula cha jioni: lazima kuwe na mashine ya kufanya kazi hii. Billings aliendelea na maisha yake. Kijana hakulala tena.

Kondakta na pua ya abiria

Mwanzoni alitumia utepe mrefu wa karatasi wenye matundu. Kila mtu anapata matundu yake, utepe unapita kwenye mashine, umeme unasoma. Ilifanya kazi, lakini ilikuwa na kasoro ambayo wewe unayejifunza hifadhidata utaijua mara moja. Ukitaka habari za mtu mmoja aliye katikati, lazima uupitishe utepe wote. Na ukigundua kosa, huwezi kumtoa huyo mmoja. Ni kama kaseti ya zamani: unataka wimbo wa tisa, unasubiri nane zipite.

Suluhisho alilipata kwenye treni. Siku hizo, makondakta wa reli walikuwa wakitoboa tiketi ya abiria kwa namna ya kumwelezea alivyo: nywele nyeusi au nyepesi, macho ya rangi gani, pua kubwa au ndogo. Lengo lilikuwa kuzuia watu wasipeane tiketi. Hollerith akaona. Kila abiria ana karatasi yake, na kila tundu ni jibu la swali.

Soma tena hapo. Kadi ya data ilizaliwa kwa ajili ya kuhakikisha kwamba wewe ndiye wewe. Kutoka kwa yule kondakta anayeangalia pua hadi mashine inayosoma kidole, ni njia moja.

Basi akaacha utepe, akaja na kadi. Mtu mmoja, kadi moja. Unaweza kuichomoa, kuipanga upya, kuichambua kwa umri leo na kwa kazi kesho. Aliomba hataza ya kwanza Septemba 1884, akiwa na miaka 24, na akazipata Januari 1889.

Kati ya miaka hiyo hakukaa akisubiri. Alienda Baltimore akajaribu mfumo wake kwenye takwimu za vifo za mji. Alitoboa kadi kwa mkono, kwa koleo la kondakta, hadi mkono ukamuuma. Hapo akajua kitu ambacho asingekijua akiwa mezani: binadamu anayeingiza data naye ni sehemu ya mashine, na huyo ndiye anayechoka. Akarudi akatengeneza kifaa maalum cha kutobolea.

Vijana wengi wa programu wangesema mfumo unafanya kazi, shida ni mtumiaji. Yeye alikuwa mtumiaji wa kwanza, na mkono uliouma ulikuwa wake.

Mbio za mwaka 1889

Ofisi ya sensa haikumpa kazi kwa maneno. Iliandaa mashindano. Washindani walikuwa watatu, na wote walipewa data halisi ya sensa ya 1880 kutoka wilaya nne za mji wa St. Louis. Wenzake wawili walitumia mbinu za rangi: vikaratasi na kadi za kupanga kwa mkono. Hollerith alikuja na umeme.

Raundi ya kwanza ilikuwa kuingiza data. Hollerith alitumia saa 72 na nusu. Wa pili alipita saa 100. Wa tatu saa 144 na nusu.

Raundi ya pili ilikuwa kuhesabu. Wenzake walitumia saa 44 na nusu na saa 55 na nusu. Hollerith? Saa 5 na nusu. Mchezo ukaisha hapo.

Leo watu wa programu wanafanya jambo hilo hilo wakitaka kupima kasi ya mfumo: kazi moja, data moja, saa ukutani, matokeo yanaandikwa. Angalia lakini walivyoliandaa vizuri. Hawakutumia data ya kubuni. Walitumia watu wa kweli, na majina yao magumu na makosa yao yote.

Sasa fanya hesabu ndogo. Kwa jumla Hollerith alitumia saa 78. Kati ya hizo, 72 na nusu zilikwenda kwenye kuingiza data. Mashine yenyewe ilikuwa kama umeme, kwa sababu ilikuwa umeme. Lakini karibu kazi yote ilibaki pale mtu anapoketi na karatasi, anasoma, anaamua atoboe wapi. Kumbuka hilo. Tutalihitaji tukifika Ifo.

Kengele

Sensa ya 1890 ikaanza. Karani aliweka kadi kwenye mashine na kushusha mkono wa juu uliojaa sindano zenye springi. Palipokuwa na karatasi, sindano ilirudi nyuma. Palipokuwa na tundu, ilipita na kuzama kwenye kikombe kidogo cha zebaki, saketi ikafunga, na mshale wa saa ya kuhesabia ukasonga hatua moja. Saa zenyewe zilikuwa 40. Pembeni kulikuwa na sanduku lenye vifuniko, na kimoja kilifunguka kukuonyesha pa kuweka kadi hiyo.

Uzuri ni kwamba waya ziliweza kuunganishwa ili kujibu maswali ya pamoja, kwa mfano wanawake ambao ni wajane na pia walizaliwa nje. Ukiandika swali kwenye hifadhidata leo ukaweka sharti hili pamoja na lile, unafanya kazi ya zile waya.

Kulikuwa pia na kengele. Kadi ikisomwa sawasawa, inalia. Isipolia, karani anajua kuna kitu hakijakaa vizuri, anaitoa na kuiangalia. Huo ni ukaguzi wa data, mwaka 1890, bila skrini.

Jumla ya kwanza ilitangazwa baada ya wiki chache tu: watu zaidi ya milioni 62. Badala ya shangwe, kukawa na kelele. Wengi waliamini nchi ina watu zaidi ya hapo, na mashine ikalaumiwa. Jambo hili sisi tunalijua kwa sura nyingine. Mwaka 2010 serikali ya Kenya ilifuta matokeo ya sensa ya 2009 katika wilaya nane za kaskazini, Lagdera ya hapa Garissa ikiwemo, kwa madai kwamba idadi ilikuwa kubwa kupita kiasi. Kule walikasirika kwamba ni wachache, huku tukaambiwa tumezidi. Idadi ya watu haijawahi kuwa namba tu. Ni viti, ni pesa, ni barabara.

Lakini turudi kwenye kengele, maana inanihusu. Nilipoacha chuo nilikaa miezi kadhaa na abti wangu, ana duka la simu sokoni Ifo. Nikamwandikia programu ya madeni, badala ya lile daftari lake. Niliijaribu kwa majina kumi ya ukoo wetu. Ikafanya kazi vizuri ajabu. Wiki ya pili, mteja anayeitwa Mohamed Abdi akaambiwa ana deni la Mohamed Abdi mwingine. Mtaa ule mmoja ulikuwa na watatu! Programu yangu ilihakikisha jina halijaachwa wazi. Haikuuliza kama jina ni la mtu mmoja. Kengele ililia vizuri kabisa, na habari ilikuwa ya uongo.

Abti alirudi kwenye daftari. Kule alikuwa ameandika Mohamed Abdi mwenye mkokoteni.

Pesa, hasira na kampuni

Baada ya 1890 nchi nyingine zikamfuata: Austria, Canada, kisha Urusi kwenye sensa yake ya 1897. Columbia ilimpa shahada ya udaktari. Akaoa mwaka huo huo wa 1890. Mwaka 1896 akaunda kampuni yake na kuanza kuuza huduma kwa makampuni ya reli, yaliyokuwa na milima ya karatasi za mizigo.

Alikuwa mtu wa chakula kizuri na sigara nzuri, na kichwa ngumu. Hakuuza mashine, alizikodisha, na bei ilikuwa yake. Ofisi ya sensa ilipopata mkurugenzi mpya aliyeona bei imezidi, wakagombana, na mwaka 1905 Hollerith akaondoa mashine zake. Ofisi ikaamua kutengeneza zake. Fundi wake, James Powers, baadaye akawa mshindani wake sokoni. Kama umewahi kuona mtu anakataa kupunguza bei hadi mteja anafungua duka lake mlango wa pili, basi umeelewa.

Mwaka 1911 alikubali kuuza. Kampuni yake iliunganishwa na nyingine, naye akapata zaidi ya dola milioni moja. Akabaki mshauri, akazidi kuvutiwa na shamba lake na ng'ombe wake. Kampuni ile iliyounganishwa ikampata meneja mkali anayeitwa Thomas Watson, na mwaka 1924 ikabadilisha jina. Ikaitwa IBM.

Mwaka 1928 IBM ikatoa kadi mpya yenye safu 80. Wewe unayeandika kodi na kuambiwa mstari usizidi herufi 80, sasa unajua kimetoka wapi.

Hollerith alikufa kwa moyo mjini Washington Novemba 17, 1929, akiwa na miaka 69.

Mambo mawili ambayo kasi haikuyazuia

La kwanza. Januari 1921 moto uliwaka kwenye jengo la wizara mjini Washington lililokuwa na karatasi za sensa ile ya 1890. Sehemu kubwa ikaharibika kwa moto na maji, na zilizobaki karibu zote zikaja kutupwa. Sensa iliyohesabiwa kwa kasi ya umeme ndiyo leo ina pengo kubwa zaidi. Ukitafuta babu ya mtu kwenye karatasi za mwaka huo, mara nyingi humpati. Jumla ipo, mtu hayupo. Kwa hiyo kama simu yako ina picha zote za hooyo na hujaweka nakala popote, acha kusoma, nenda ukaiweke. Nitakusubiri.

La pili ni zito. Mwaka 1933, miaka minne baada ya kifo chake, tawi la IBM la Ujerumani lilichakata sensa ya serikali ya Hitler kwa mashine za Hollerith. Dini ilikuwa miongoni mwa maswali. Wanahistoria bado wanabishana kadi hizo zilichangia kiasi gani katika mauaji ya Wayahudi. Hollerith hakuwepo. Lakini tundu kwenye kadi halijui limetobolewa kwa ajili ya kumpa mtu chakula au kumwinda.

Turudi Ifo

Kambi ya Ifo ilifunguliwa 1991, ya kwanza kati ya kambi za Dadaab. Zile tatu za mwanzo zilipangiwa watu 90,000. Kufikia ukame wa 2011, Dadaab nzima ilikaribia nusu milioni. Hakuna daftari linaloweza hilo. Mwaka 2013 kidole kikaanza kutumika wakati wa kuchukua chakula: unaweka, mfumo unatafuta, taa inasema ndiyo au hapana. Kasi ambayo Hollerith angeisimamia na kuipigia makofi.

Nina rafiki. Ni Mkenya, wazazi Wakenya, wafugaji wa upande huu wa mpaka. Mwaka 2011 mbuzi wao wote walikufa. Kambini kulikuwa na chakula, kwao hakukuwa na kitu. Mama yake akafanya walichofanya wengi: akapanga foleni na watoto, akajiandikisha kama mkimbizi. Rafiki yangu alikuwa na miaka kumi. Vidole vyake vikachukuliwa. Familia ikala.

Alipofika miaka 18 akaenda kuomba kitambulisho. Mfumo ukatafuta, ukampata, haraka sana. Mkimbizi. Ombi likakwama.

Bila kitambulisho huna laini ya jina lako, huna M-Pesa, huna benki, na kizuizi cha daraja la Garissa hukivuki kwa amani. Maelfu ya vijana wa kaskazini mashariki wamekutwa na hali hii. Mwaka 2019 serikali iliwapiga msasa mjini Garissa, na baadhi wakasafishwa. Haki na Sheria, shirika la hapa hapa Garissa, limepeleka suala hili mahakamani. Wengine wamezeeka kwenye foleni. Rafiki yangu bado anatumia laini ya dada yake.

Sasa niambie, hitilafu iko wapi? Mashine haikukosea. Kidole ni chake kweli, na alisajiliwa kweli. Kengele ililia. Kosa liliingia pale mezani, katika zile saa 72 na nusu, mtoto mwenye njaa aliposimama mbele ya karani na fomu ikawa na nafasi mbili tu, mkimbizi au si mkimbizi. Hakukuwa na nafasi ya kuandika mbuzi wamekufa. Na mfumo ulipojengwa, kasi ya kumtambua ilipangwa vizuri, lakini njia ya kumrekebisha haikupangwa.

Hollerith aliacha utepe kwa sababu alitaka kadi moja iweze kuchomolewa. Alilielewa hilo mwaka 1880 na kitu. Wengi waliokuja baadaye walibeba kasi yake, wakaacha hiyo.

Kwa hiyo wewe unayeandika programu leo pale Eastleigh, Garissa au ndani ya Ifo yenyewe, fanya majaribio mawili kabla hujajisifu. Ingiza Februari 29, 1860, uone kama inakubali. Kisha ingiza mtu aliyeandikwa vibaya akiwa na miaka kumi, uhesabu ni hatua ngapi hadi arekebishwe. Kama jibu ni kwamba haiwezekani, bado hujamaliza kazi.

Rafiki yangu anafikisha mwaka mwingine Januari 1. Angalau hivyo ndivyo kadi inavyosema.